Rola Mlangoni: Mitetemo ya Ujenzi na Nyumba za Mji wa Kale
(Mhadhara uliotolewa Mombasa kwa makandarasi na wenye nyumba)

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Nimeitwa nizungumze na makandarasi, lakini naona wenye nyumba ndio waliojaa, basi nitasema na nyote.

Tuanze na sheria. Kenya tuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009. Zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, ukipimwa nje ya mpaka wa kiwanja cha kazi, au mita 30 kutoka kwa chanzo kinachotembea. Milimita hizo si umbali ambao ukuta umesogea. Ni kasi ya ardhi inapotikisika.

Sasa chukueni rola ya barabara. Kwa makadirio ya mamlaka ya usafiri wa umma ya Marekani, rola yenye mtetemo hutoa kama milimita 5.3 kwa sekunde ukiwa mita 7.6 kutoka kwake. Kwa kanuni yao ya hesabu, ukifika mita 30 mtetemo umeshuka chini ya milimita 1. Mkandarasi hana kosa. Rudi nyuma hadi mita 4, pale penye baraza yako: unapata karibu 14! Na hapa Mji wa Kale, ni nani mwenye mita 30 kati ya ukuta wake na njia?

Wajerumani, katika kiwango chao cha DIN 4150, hawakuyaweka majengo yote kapu moja. Kwa mitetemo ya polepole, isiyozidi mizunguko 10 kwa sekunde, nyumba ya kawaida ya kuishi wameiwekea milimita 5, jengo la kale lenye thamani wameliwekea 3. Tena kipimo hukaa kwenye msingi wa jengo lenyewe. Mimi ningetaka mikataba yote ya kazi karibu na Fort Jesus na mitaa hii iandikwe hivyo, bila kungoja sheria ibadilishwe. Mkataba unaruhusiwa kuwa mkali kuliko kanuni.

Kwa nini nyumba zetu ziwekewe kipimo kidogo? Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, nzito, na hazina nondo. Kinachozishika zisiachane ni boriti za mikoko zilizochomekwa vichwa ukutani. Maji yakivuja kutoka darini, kichwa cha boriti huoza mle ndani bila mtu kuona, na ukuta unabaki umesimama kwa uzito wake tu. Kwa nyumba ya namna hiyo hata zile milimita 3 siziapii. Ndiyo maana nikiingia ndani siulizi nyufa kwanza. Natafuta boriti inapoingia ukutani, naichoma kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, rola isiwashwe mpaka dari iwekewe vishikizo.

Halafu gonga plasta. Walioziba chokaa kwa saruji wamefungia unyevu ndani, na plasta ikilia mvungu, ujue imeshaachana na jiwe. Hiyo itaanguka siku ya kwanza ya kazi, na lawama zote zitamwendea dereva wa rola.

Kuna mzee ameuliza: vikombe vinalia kabatini, mbona mnasema hakuna madhara? Mzee wangu, mwili wa binadamu ni mwepesi wa kuhisi. Viwango vya Uingereza vinasema mtu aliye nyumbani huanza kuusikia mtetemo kwenye milimita 0.3, sehemu ya kumi ya kile kikomo cha jengo la kale. Ikifika 1, malalamiko huanza, ila watu huvumilia zaidi wakiwa wamearifiwa mapema. Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli na nyumba yako huenda ni nzima, yote mawili kwa pamoja. Mkandarasi anayekujibu "hakuna kitu" bila kukuonyesha kipimo, usimkubalie.

Kwenu makandarasi, mengi mnayajua. Mkiwa karibu na kuta, zimeni mtetemo wa rola, mshindilie kwa uzito wake, kwa tabaka nyembamba. Nguzo za msingi zichimbwe, zisipigiliwe. Zege la zamani likatwe kwa msumeno. Jambo linalosahaulika ni kuwasha na kuzima: mashine ikianza na ikisimama hupita kwenye kasi ndogo ambazo jengo huzipokea vibaya zaidi, basi fanyeni hayo mbali na nyumba. Na mkichimba shimo refu au kupampu maji ya ardhini, msidhani kifaa cha mitetemo kitawaonya. Mchanga ukihama chini ya msingi, ukuta unapasuka kimya kimya, kipimo kikisoma sufuri.

La mwisho ni picha. Kabla mashine haijashushwa, kila chumba kipigwe picha, kila ufa uwekewe rula pembeni na tarehe, na juu ya ufa mkubwa kibandikwe kipande chembamba cha kioo. Ukuta ukicheza, kioo kitavunjika. Karatasi isainiwe na pande zote mbili, na nakala ya mwenye nyumba atoke nayo mkononi siku hiyohiyo, asiambiwe aifuate ofisini. Haya, nani ana swali jingine?