Kuunganisha Mipira ya Maji ya Injini kwenye Redyusa ya Gesi ya Gari

Karibuni, watazamaji. Leo tunaunganisha mipira ya maji ya injini kwenye redyusa, yaani kifaa hiki cha alumini kinachopokea gesi ya LPG ikiwa bado kimiminika, kikaigeuza kuwa mvuke na kuipunguzia mgandamizo kabla haijaingia kwenye injini. Tangi, mabomba ya gesi na vali zake si kazi ya leo. Hayo mwachieni fundi aliyesomea mfumo huo. Gari tulilo nalo ni Toyota yenye injini ya 1NZ, aina ambayo mafundi wa Kampala wanaifahamu vizuri, lakini hatua ni zilezile kwa magari mengi ya petroli yanayopozwa kwa maji.

Propani, gesi iliyomo ndani ya LPG, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwa chochote kinachoigusa. Gari linalotumia lita 10 za gesi kwa saa huhitaji karibu nusu kilowati ya joto kwa kazi hiyo peke yake, na linapopanda milima ya Kabale likiwa na abiria na mizigo, mahitaji hayo huongezeka sana. Maji ya moto yasipofika, redyusa huganda barafu hata kama nje jua linawaka, utando wa mpira ulio ndani yake hukakamaa, na gesi ambayo bado ni kimiminika huweza kupita hadi mahali isipotakiwa kufika.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kukata mpira wowote, hakikisheni kwamba injini ina themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na nawaomba sana msiiruke hatua hii. Magari mengi yametolewa themostati kwa imani kwamba katika nchi za joto haina kazi, na mwenye gari huwa hana habari. Washeni injini ikiwa baridi kabisa, kisha mshike mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Ukianza kupata joto mara moja na kwa polepole, pamoja na maji ya injini, themostati haipo au imekwama wazi. Ikiwa nzima, mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu hupata moto kwa ghafla maji yanapofikia takribani nyuzi 82. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, na mfumo wa gesi, ambao kwa kawaida husubiri redyusa ifikie nyuzi 30 hadi 40 ndipo utoke kwenye petroli, hautabadilisha kwa wakati. Nunueni themostati mpya kwanza. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, hamtaikosa.

Sasa tafuteni mahali pa kufunga redyusa. Ifungwe kwenye bodi ya gari, wala si kwenye injini inayotikisika, na ikae mbali na ekzosi. Jambo kubwa zaidi ni kimo: redyusa yote iwe chini ya kiwango cha juu cha maji ya rejeta, kwa sababu hewa hupanda, na kifaa kilicho juu kuliko vyote ndicho kitakachoikusanya. Mnaona nimeifunga hapa kando ya betri, karibu upana wa kiganja chini ya kifuniko cha rejeta.

Mipira tunayoitafuta ni ile miwili inayopita kwenye ukuta ulio kati ya injini na abiria, kuelekea kwenye hita. Washeni injini na mwishike yote miwili: unaotangulia kupata joto ndio unaopeleka maji, na mwingine huyarudisha kwenye pampu. Tutatumia viungio viwili vya njia tatu, kimoja kwenye kila mpira, ili redyusa na hita vigawane maji kila kimoja kwa njia yake. Wapo wanaoiunganisha redyusa katika mstari mmoja na hita, na kwenye gari lisilo na vali ya hita njia hiyo hufanya kazi vizuri. Lakini Toyota nyingi za zamani zina vali ukutani, na dereva akisogeza swichi upande wa baridi vali hufunga, maji yakasimama, na redyusa ikaganda. Penye vali kama hiyo, kiungio kikae kati ya injini na vali. Mkikuta hita imeshakatwa na mipira yake imeungwa pamoja, kazi ni nyepesi: ondoeni kiungo hicho na muiweke redyusa mahali pake.

Injini ikiwa imepoa, mwageni sehemu ya maji kwenye beseni safi. Kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya injini, ni sumu na ina ladha tamu, basi beseni lisiachwe mahali ambapo mtoto, mbwa au mbuzi anaweza kulifikia. Tumieni mpira wa hita uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya moto, wa kipenyo cha ndani kinacholingana na midomo ya redyusa, ambayo kwa nyingi ni milimita 16. Mpira wa petroli au wa upepo hautadumu.

Tazameni hapa kwa karibu. Nakata mpira kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, kisha naulowesha kwa maji kidogo na kuusukuma mpaka uvuke tuta la mdomo. Klempu inakaa nyuma ya tuta, haikai juu yake, na naikaza hadi mpira uanze kubonyea kidogo, basi. Mkiikaza kupita kiasi itaukata mpira, na kiungio cha plastiki kitapasuka. Mimi napendelea vya shaba nyeupe. Mpira usipinde hata ukajikunja, na usiguse mkanda, feni wala ekzosi.

Jazeni mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa. Maji matupu ya bomba huleta kutu, huila alumini ya redyusa, na hapa Kampala, kwenye kimo cha karibu mita 1,190, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kifuniko kisiposhika mgandamizo. Wekeni swichi ya hita kwenye moto, washeni injini kifuniko kikiwa wazi, na mwiminye mipira ya redyusa kwa mkono mpaka mapovu yaishe, huku mkiongeza kulanti. Fungeni kifuniko kabla maji hayajachemka, na msikifungue tena injini ikiwa ya moto.

Injini ikishafikia joto lake, shikeni mipira miwili ya redyusa kwa uangalifu. Yote iwe moto. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, kuna hewa imebaki, au viungio vyote viwili vimewekwa kwenye mpira mmoja. Endesheni gari kwenye mlima, kisha mtazame redyusa: umande au barafu juu yake ni dalili kwamba maji hayatoshi. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, kazeni klempu zote kidogo tena, kwani mpira mpya hulegea ukipata joto, na muongeze kulanti iliyopungua.