Ardhi iliyo nyuma ya shabaha: uamuzi na usalama katika mashindano ya upinde ya kanda

(Mhadhara uliotolewa Tanga kwa walimu wa michezo, viongozi wa vilabu na waamuzi wa kujitolea)

Ndugu mwenyekiti, walimu wa michezo, viongozi wa vilabu kutoka wilaya zetu na mikoa jirani, wazazi, na ninyi vijana mliojitolea kuwa waamuzi: assalamu alaykum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie uamuzi na usalama katika mashindano ya upinde na mishale ya ngazi ya kanda. Watu wengi wakisikia neno uamuzi hufikiria pointi, nani kapata kumi na nani kapata tisa, na ni kweli kwamba kazi hiyo ipo na tutaifikia. Mimi, hata hivyo, naomba nianzie nyuma ya shabaha, kwa sababu naamini kwamba mwamuzi ambaye hajatembea kwa miguu yake kwenye ardhi iliyo nyuma ya shabaha hajapata bado haki ya kupuliza filimbi ya kuanza.

Mshale unaotoka kwenye upinde wa mashindano wa mtu mzima husafiri kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, na huifikia shabaha iliyo mita 70 kwa muda unaozidi sekunde moja kwa kidogo sana. Kwa hiyo mtu akikatiza uwanja wakati mshale umeshatoka, hakuna mwamuzi atakayewahi kumwonya, hata awe na sauti kubwa kiasi gani. Mshale huohuo ukifyatuliwa kwa bahati mbaya huku upinde umeelekezwa juu, unaweza kwenda zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Hesabu hizi mbili ndizo zinazonifanya niseme kwamba usalama wa mchezo huu hautengenezwi wakati wa kufyatua. Hutengenezwa siku moja kabla, kwa kamba, kwa futi ya kupimia, na kwa kuzungumza na majirani.

Nichukue mfano tunaoujua sote. Klabu ikitaka kuandaa mashindano huomba uwanja wa mpira wa shule, nao ni uwanja wenye urefu wa takriban mita 105. Waandaaji hupima mita 70 kutoka mstari wa kufyatulia hadi kwenye shabaha, wakaona nafasi inatosha na kubaki, wakaridhika. Lakini nyuma ya mstari wa kufyatulia lazima kuwe na mstari wa kusubiria, usiopungua mita 5 kutoka ule wa kwanza, na nyuma yake tena kuwe na mahali pa vifaa, makocha na viti. Ukiondoa mita 10 kwa ajili hiyo, nyuma ya shabaha zimebaki mita 25 tu, na mbele ya mita hizo kwa kawaida kuna ukuta wa darasa, barabara ya vumbi, au nyumba za watu. Mita 25 si eneo la usalama. Mimi huwaambia waandaaji kwamba kama hawawezi kupata mita 50 zilizo wazi kabisa nyuma ya shabaha, basi wajenge kizuizi cha kweli, yaani kifusi cha udongo au wavu maalumu wa kuzuia mishale, chenye kimo kinachoweza kuudaka mshale uliopita juu kidogo ya shabaha. Ua wa michongoma hauzuii mshale. Na kama kizuizi nacho hakiwezekani, wapunguze umbali: vijana walio chini ya miaka 18 wanaotumia upinde wa kawaida wa Olimpiki hushindana katika mita 60, na wanaotumia upinde wa kapi (compound, wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake) hushindana katika mita 50, kwa hiyo si aibu hata kidogo mashindano ya kanda kuanzia hapo.

Jambo la pili kuhusu ardhi hiyo ni njia za mkato. Hapa Tanga, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani, uwanja wa shule ni njia ya umma: wanafunzi hupita, akina mama wenye ndoo za samaki hupita, vijana wa bodaboda hupita, na mbuzi nao hawaombi ruhusa. Watu hawa hawafanyi kosa lolote, maana wanapita pale walipozoea kupita kila siku. Ni sisi wageni wa siku mbili tunaopaswa kuwatafuta. Taarifa ipite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, itangazwe msikitini na kanisani, na asubuhi ya mashindano kila mdomo wa njia uwe na mtu mzima mwenye fulana ya rangi inayoonekana na filimbi shingoni. Kamba ya kuzungushia eneo hatuna haja ya kuagiza mbali, kwa kuwa mkoa huu umelima mkonge kwa zaidi ya karne moja. Zifungwe juu yake vipande vya kitambaa chekundu kila baada ya hatua chache, ili mtoto anayekimbia aione kabla hajaifikia.

Kuna pia suala la mwelekeo wa uwanja. Sisi tuko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la mchana hukaa upande wetu wa kaskazini. Mpiga upinde anayetazama kusini analipa jua mgongo. Mwezi Desemba jua huhamia upande wa kusini, lakini huwa juu sana utosini kiasi kwamba halisumbui macho. Kinachodhuru kweli ni kuuelekeza uwanja mashariki au magharibi, kwa sababu saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni wapigaji wote watakuwa wanalenga ndani ya mwanga, na pamoja nao mwamuzi anayetakiwa kuona kama kuna mtu mbele. Lakini kutazama kusini kuna gharama yake wakati wa kusi. Upepo ule hutoka kusini na kusini-mashariki, nao huisukuma shabaha kwa nyuma. Shabaha ikianguka kifudifudi huvunja mishale yote iliyochomwa ndani yake, na ikiangukia watu waliokuja kuhesabu pointi huumiza. Kwa hiyo miguu ya stendi ifungwe kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini, na juu yake iwekwe mifuko ya mchanga, hata kama asubuhi kulikuwa shwari.

Sasa tuingie kwenye mstari. Kanuni tunazozifuata ni za shirikisho la dunia, World Archery, lililoanzishwa mwaka 1931 katika mji wa Lwów, uliokuwa Poland wakati ule, na uzuri wake ni kwamba ishara zake ni chache na hazihitaji lugha. Milio miwili ya filimbi inawaita wapigaji kwenye mstari. Mlio mmoja, baada ya sekunde 10, unaruhusu kufyatua. Milio mitatu inaruhusu kwenda mbele kuhesabu na kuchomoa mishale. Milio mitano au zaidi, ikipulizwa kwa haraka, maana yake ni hatari, na kila mtu anashusha upinde papo hapo, hata aliyekwisha kuvuta uzi hadi kidevuni. Naomba milio hii mitano ifanyiwe mazoezi mbele ya washiriki wote kabla ya mashindano kuanza, kwa sauti kamili. Kijana aliyezama katika kulenga hasikii vizuri, na mara ya kwanza ya kuusikia mlio huo isiwe siku ambayo mtoto ameruka kamba.

Hairuhusiwi kuvuta upinde, uwe na mshale au usiwe nao, ila ukiwa umesimama kwenye mstari wa kufyatulia. Na anayeweka mshale lazima aelekee kwenye shabaha, baada ya kuhakikisha hakuna mtu mbele ya shabaha wala nyuma ya shabaha. Hili ndilo nitakalowasisitizia zaidi ninyi waamuzi wapya: tazameni namna ya kuvuta. Kuna wapigaji, mara nyingi ni vijana wanaotumia upinde mzito kuliko nguvu zao, ambao huuinua upinde juu angani na kuvuta huku wakiushusha. Uzi ukiwaponyoka hapo, mshale unavuka kila kizuizi mlichojenga jana. Kanuni zinampa mwamuzi mamlaka ya kumzuia mpigaji kama huyo, na mwamuzi asione haya kuyatumia hata kama kocha wake ni mtu mzito mjini. Dawa yake kwa kawaida ni kumpa upinde mwepesi zaidi, na ni vizuri kulisema hilo kwa upole, pembeni, si mbele ya wenzake.

Ukaguzi wa vifaa ufanyike siku ya mazoezi rasmi. Mishale ya kila mpigaji iwe na jina lake au herufi zake. Mishale ya kaboni ikunjwe kidogo karibu na sikio, mmoja mmoja, ili kusikia kama kuna mpasuko, kwa kuwa mshale uliopasuka ukifyatuliwa unaweza kuvunjika na kuingiza vipande vyake kwenye mkono unaoshika upinde. Mikufu ivuliwe. Kwa wasichana wetu wanaovaa hijabu, vazi lao lina heshima yake na halina ugomvi wowote na mchezo huu, bali ncha zake ziingizwe ndani na kubanwa kwa kinga ya kifua, ili uzi usije ukazikamata. Mwalimu wa kike awepo kwa ajili ya ukaguzi huo.

Nimefika kwenye pointi. Filimbi tatu zimelia, watu wanatembea, hawakimbii, maana mikia ya mishale iliyo kwenye shabaha iko kwenye kimo cha uso wa kijana. Katikati ya shabaha ni sentimita 130 kutoka ardhini. Mtu asiguse mshale wala karatasi ya shabaha mpaka pointi zote ziandikwe. Mpigaji anataja pointi zake kuanzia kubwa kwenda ndogo, na wenzake wa shabaha hiyo wanashuhudia. Wakibishana, wanamwita mwamuzi.

Hapa tazameni namna anavyofanya mwamuzi aliyebobea. Anawaomba wote warudi nyuma. Anauliza ni mshale upi, lakini haulizi ni wa nani. Anainama, anatazama upande mmoja wa mshale mahali unapoingia kwenye karatasi, kisha anahamia upande wa pili, akitumia kioo cha kukuzia, mikono yake ikiwa mbali na shabaha. Mshale ukiwa umegusa mstari unaotenganisha duara mbili, unapata pointi ya duara lenye thamani kubwa zaidi. Kama karatasi imechanika pale, anaufuata mstari kwa jicho kana kwamba ni mzima. Halafu anataja namba moja, mara moja, kwa sauti inayosikika, na anaondoka. Haelezi, hashauriani, hamtazami kocha. Uamuzi wake juu ya thamani ya mshale ni wa mwisho na hauna rufaa, na kwa sababu hiyohiyo ni lazima achukue muda wake kabla ya kuutoa.

Kila tundu litiwe alama kabla ya mishale kuchomolewa. Kazi hii huonekana ndogo na inachosha, lakini mshale ukigonga shabaha na kudunda, tundu moja lisilo na alama ndilo litakalompa mpigaji haki yake. Bila alama, mwamuzi anabaki kukisia.

Kuna adhabu moja ambayo wazazi huilalamikia, nayo ni ya mshale uliofyatuliwa baada ya muda uliowekwa kwisha, ambapo mpigaji hupoteza mshale wenye pointi nyingi kuliko yote katika awamu ile, yaani katika mishale inayofyatuliwa kabla ya kwenda mbele kuhesabu. Huonekana ni ukali. Lakini mishale ikishaingia kwenye shabaha mita 70 mbele, hakuna anayeweza kuapa ni upi uliochelewa, na kama tungeondoa mdogo, kuchelewa kungekuwa na faida. Zaidi ya hayo, anayefyatua baada ya muda anafyatua wakati wenzake wameshaanza kufikiria kwenda mbele. Ni kanuni ya haki na ya usalama kwa pamoja, na waamuzi waieleze hivyo kwenye mkutano wa makocha, kabla haijamgusa mtu. Maamuzi mengine yasiyohusu thamani ya mshale yanaweza kukatiwa rufaa kwa maandishi mbele ya kamati ya rufaa, kwa hiyo kamati hiyo iteuliwe mapema na isiwe na mtu mwenye mwanafunzi wake uwanjani.

Naomba pia tusiwasahau wapigaji wenye ulemavu. Mashindano ya watu wenye viti vya magurudumu yaliyoandaliwa na daktari Ludwig Guttmann huko Stoke Mandeville, Uingereza, tarehe 29 Julai 1948, na ambayo baadaye yalizaa Michezo ya Paralimpiki, yalikuwa ya upinde. Njia ya kufika kwenye mstari iwe imesawazishwa, na anayetumia kiti apewe mtu wa kumchomolea mishale na kushuhudia pointi zake.

Mwisho wa siku waandaaji huwa na haraka ya medali na hotuba, na hapo ndipo hutokea uzembe ninaouogopa kuliko wote. Uwanja tulioazima kesho asubuhi utakuwa na watoto wanaocheza mpira peku. Mshale uliokosa shabaha huteleza chini ya nyasi na kulala pale ukiwa mzima, na ncha yake ni ya chuma. Kwa hiyo kila awamu, mpigaji aliyepungukiwa na mshale amwarifu mwamuzi, na iandikwe ni shabaha namba ngapi na ulielekea wapi. Jioni, mstari wa watu upite nyuma ya shabaha bega kwa bega wakipapasa nyasi kwa fimbo, na kifaa cha kutambua chuma kama kinapatikana. Idadi ya iliyopatikana ilinganishwe na orodha. Ikibaki hata mmoja, sehemu hiyo ifungwe kwa kamba, mkuu wa shule aelezwe kwa maandishi, na msako uendelee kesho yake kabla ya kengele ya kwanza.

Baada ya maswali tutatoka pamoja na futi yetu, tupime uwanja huu huu mliokusudia kuutumia, tukianzia nyuma.