Refa Anayelipwa na Timu Zote

Ahsanteni. Nianze na swali: refa akilipwa mshahara na timu zote za ligi, atampulizia nani filimbi? Msicheke. Ndiyo kazi ya kamishna wa konferensi ya vyuo vikuu Marekani. Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja na kugawana fedha za televisheni. Wakuu wa vyuo hivyo ndio wanaomwajiri, na ndio wanaoweza kumtimua.

Februari 2009, Lane Kiffin, kocha mpya wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Tennessee, alimtuhumu hadharani Urban Meyer wa Florida kuwa amevunja kanuni za usajili, eti kampigia simu kijana aliyekuwa ziarani Tennessee. Simu ile haikuwa kosa. Kamishna wa SEC, konferensi ya vyuo hivyo viwili, Mike Slive, akamkaripia Kiffin upesi. Hapo sina ugomvi naye.

Lakini Mei 2022, Nick Saban wa Alabama alisema chuo cha Texas A&M wamenunua kila mchezaji waliyemsajili. Jimbo Fisher, kocha wa A&M, akamjibu kwa maneno makali. Kamishna wa SEC safari hii, Greg Sankey, akawakaripia wote wawili kwa kusemana mbele ya watu. Je, wachezaji walinunuliwa au hawakununuliwa? Karipio halikugusa hilo. Kosa lilikuwa kelele.

Makamishna wana sababu ya kuogopa kelele. Watu wa jimbo la Texas wanaijua. Konferensi yao ya Southwest miaka ya 1980 ilijaa vyuo vinavyochongeana. Mwaka 1985 kocha wa chuo cha TCU, Jim Wacker, aliwasimamisha wachezaji wake mwenyewe waliokuwa wakipokea fedha za wapenzi wa timu kinyume cha kanuni, akajiripoti. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchi nzima, kikakishushia chuo adhabu nzito vilevile! Jirani yake angejifunza nini hapo? Huko SMU, chuo kingine cha konferensi hiyo, malipo yaliendelea, na mwenyekiti wa bodi ya chuo, Bill Clements, alikuja kukiri kwamba wakubwa wa chuo walijua. Wakati anakiri alikuwa gavana wa Texas. Februari 1987 msimu mzima wa SMU ulifutwa, na rungu lile lilikuwa la NCAA, si la konferensi. Chuo cha Arkansas wakahama konferensi, na 1996 konferensi ikavunjika. Fedha za televisheni nazo zilichangia, tusiseme uongo.

Basi SEC wakashika utaratibu: ukiwa na tuhuma, ipeleke kimya kimya kwa wahusika. Sasa tazameni yaliyompata Phillip Fulmer wa Tennessee. Aliwapa wachunguzi, bila kelele, habari za wapenzi wa timu ya chuo cha Alabama waliokuwa wakinunua vijana. Mwaka 2004 mkutano wa makocha na waandishi wa habari ulifanyika eneo la Birmingham, ndani ya jimbo la Alabama, na mawakili wa huko walikuwa wakimsubiri na hati ya kumwita mahakamani. Hakwenda, alizungumza kwa simu.

SEC ikatoza faini ya dola 10,000 kwa kutohudhuria.