Kusakinisha GnuPG: pakua, hakiki, ndipo ufungue

Ndugu zangu waandishi wa habari, Desemba 2012 Edward Snowden, aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani, alimwandikia mwandishi wa habari Glenn Greenwald barua pepe bila kujitaja jina, akimsihi aweke programu ya kusimba ujumbe, yaani kuufanya usisomeke na asiyehusika. Greenwald aliona usumbufu, akaahirisha wiki baada ya wiki. Mwishowe Snowden akamwendea mtengeneza filamu Laura Poitras, ambaye tayari alikuwa anajua kuitumia. Naumia kila nikiikumbuka habari hii, kwa sababu kazi yenyewe ni ya muda mfupi tu.

Tunasakinisha GnuPG, programu ya bure ya kusimba ujumbe aliyoianzisha Mjerumani Werner Koch. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 1999. Unaiandikia amri, inakujibu kwa maandishi. Wenye Ubuntu, fungueni terminali (dirisha la kuandikia amri), muandike gpg --version. Ikitoa namba ya toleo, ipo tayari. Isipokuwepo: sudo apt install gnupg. Mfumo wenyewe hukagua kwa sahihi za kidijitali kwamba vifurushi ni halisi kabla ya kuviweka.

Wenye Windows, mnapakua Gpg4win, yaani GnuPG ya Windows, kwenye tovuti yake rasmi, gpg4win.org, na hapa naomba twende polepole. Usilibofye faili bado! Likiwa limechezewa njiani, unamfungulia mwizi mlango kwa mkono wako. Fungua dirisha la amri kwenye folda ya vipakuliwa, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapewa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili: faili likibadilika kidogo tu, nao hubadilika. Linganisha na ule uliochapishwa kwenye tovuti, wote, si nne za mwanzo na nne za mwisho. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, futa faili; ukilingana wote, ndipo ulibofye ulisakinishe. Mimi hupenda kuusoma ule wa tovuti kwa simu yenye intaneti nyingine, maana aliyeuchezea mtandao wa ofisi anaweza kuuchezea na ukurasa huo.

Kisha, kwenye Ubuntu au Windows, tengeneza ufunguo wako wa kusimbia na kusimbulia ujumbe: andika gpg --full-generate-key. Aina ya ufunguo, kubali inayopendekezwa. Muda wa kuisha, weka mwaka mmoja, utaurefusha. Nywila iwe ndefu, kwani ukiisahau hakuna wa kukurudishia. Mwishoni itakuonyesha faili linaloishia na .rev: hicho ndicho cheti cha kuubatilisha ufunguo ukiibiwa. Kinakili kwenye flashi, ukifungie kabatini, mbali na kompyuta.

Na kichwa cha barua pepe (mstari wa mada), GnuPG kwa kawaida haikifichi. Jina la mtoa habari wako lisionekane pale kamwe.