Mtangazaji Asiyetangaza: Tony Humphries, Redio na Ukumbi Ulioitwa Zanzibar

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi vijana mliokaa hadi kwenye ngazi, shikamooni kwa wanaostahili na habari za jioni kwa waliobaki. Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya dijei wa muziki wa kucheza ambaye pia ni mtangazaji wa redio, na mwenyekiti akaniachia nimchague mwenyewe. Pengine mlitarajia nimtaje mmoja wa hapa kwetu. Nimemchagua Tony Humphries, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1957, kwanza kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi hii bila yeye kujua, kupitia kaseti niliyouziwa na baharia. Na pili kwa sababu ukumbi uliompa jina uliitwa Zanzibar.

Club Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1979 ndani ya hoteli iliyoitwa Lincoln Motel, mtaa wa Broad, katika mji wa Newark, New Jersey, ambao uko ng'ambo ya mto Hudson ukitokea New York. Sidhani kama aliyeubandika jina hilo alikuwa akiifikiria Forodhani au harufu ya karafuu. Alichokuwa nacho, hata hivyo, ni spika. Fundi wa sauti Richard Long, ambaye ndiye aliyefunga vyombo vya ukumbi wa Paradise Garage huko New York, alivifunga na vya Newark, na katika kazi yetu hilo ni jambo kubwa kuliko jina, maana dijei hodari kwenye spika mbovu ni mpishi aliyepewa sufuria lililotoboka.

Mwaka 1981 stesheni moja ya New York ilibadilishwa jina ikawa 98.7 Kiss FM. Shep Pettibone ndiye aliyekuwa akiitengenezea miseto, yaani nyimbo zilizounganishwa mfululizo bila pengo. Humphries alimfikishia kazi yake ya majaribio, ikakubaliwa, naye akapata kipindi. Wakati uleule Larry Patterson, dijei aliyekuwa na kauli pale Newark, alimfungulia mlango wa Zanzibar, na kufikia mwaka 1982 kijana huyu wa miaka ishirini na mitano alikuwa na redio mkono mmoja na ukumbi mkono wa pili. Hapo ndipo penye kiini cha mhadhara wangu, na mtaniwia radhi nikikaa hapo muda mrefu.

Ninyi mnaosomea utangazaji mmefundishwa kwamba mtangazaji ni sauti. Humphries alikuwa mtangazaji ambaye kwa sehemu kubwa hakutangaza. Kipindi chake kilikuwa mikono yake. Tazameni kazi yenyewe ilivyo. Sahani mbili za santuri zinazunguka mbele yako, hedifoni imefunika sikio moja tu, na wimbo wa kwanza umefika mahali ambapo mwimbaji amenyamaza na ngoma zimebaki peke yake. Wimbo wa pili unausikia wewe tu, na una mwendo tofauti: wa kwanza unapiga mapigo 118 kwa dakika, huu unapiga 120. Unasogeza kitelezo cha mwendo kwa unene wa ukucha, kisha kwa ncha ya kidole unagusa ukingo wa sahani, kidogo sana, kama mtu anayejaribu joto la pasi, mpaka ngoma za nyimbo zote mbili ziangukie mahali pamoja. Ndipo unaifungulia sauti ya pili polepole, na kabla besi mbili hazijaanza kugombana unaikata moja. Msikilizaji aliyeko jikoni akikaanga samaki hajui kwamba kuna kilichotokea, na kutokujua kwake ndiko kufaulu kwako.

Ukumbini kosa likitokea, watu hupiga mluzi, likasahaulika kabla ya kuchomoza jua. Redioni kosa hilohilo huwafikia watu waliokwisha bonyeza kitufe cha kurekodi. Nalisema hili nikiwa na kovu. Usiku mmoja, katika stesheni ambayo sitaitaja, niliunganisha nyimbo mbili ambazo hazikutaka kuunganishwa, mdundo ukasikika kama punda wawili waliofungwa mkokoteni mmoja na kila mmoja ana safari yake. Miaka sita baadaye nilipanda teksi nikaisikia kaseti ya kipindi hichohicho, na dereva alikuwa anaisubiri sehemu ile ili acheke.

Sasa turudi New York, kwa sababu Humphries hakuwa wa kwanza kuhusisha redio na ukumbi. Frankie Crocker wa stesheni ya WBLS alijulikana kwa kwenda Paradise Garage kusikia Larry Levan, dijei wa ukumbi huo, anapiga nini, kisha akazipeleka nyimbo zile hewani. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri, lakini ulihitaji watu wawili: mmoja aliyeujua umma wa ukumbini na mwingine aliyekuwa na mnara wa redio. Kwa Humphries hakimu na mpiga mbiu walikuwa mtu mmoja. Watunzi wa New Jersey walimletea kanda za nyimbo ambazo hazijatolewa, akazipiga Zanzibar, akatazama. Miguu haina adabu: wimbo usipowashika, watu wanakwenda kununua kinywaji, na hakuna maneno matamu ya kampuni ya kurekodi yanayoweza kuwarudisha. Wimbo uliosimama ukumbini uliweza kwenda Kiss FM, na kesho yake watu wakauulizia dukani ilhali duka halijaupata. Mmojawapo wa wenye maduka hayo alikuwa Abigail Adams wa Movin' Records, East Orange, ambaye baadaye alianza kuzitoa nyimbo yeye mwenyewe. Kwa njia hiyo mtindo wa muziki wa kucheza uitwao house, ule wenye sauti za kanisani, vinanda vizito na waimbaji wanaoimba kwa kifua kizima ukapata jina la eneo lake, ukaitwa sauti ya New Jersey.

Niruhusuni nichepuke kidogo. Mwaka 1983 bendi iliyoitwa Mtume ilitoa wimbo wa "Juicy Fruit", na Humphries ni miongoni mwa walioutengenezea mseto wa santuri kubwa, yaani wimbo uleule ukiwa umepangwa upya kwa ajili ya wachezaji ukumbini. Kiongozi wa bendi, James Mtume, aliyewahi kupiga ngoma katika kundi la Miles Davis, alizaliwa kwa jina jingine na alilichukua hilo la Kiswahili katika miaka ya 1960, wakati vijana wengi Weusi wa Marekani walipokuwa wakitafuta majina ya Kiafrika. Kwa hiyo dijei wa Zanzibar aliuchanganya wimbo wa Mtume, na hapakuwa na Mswahili hata mmoja chumbani. Masheikh waliopo wanisamehe.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Paradise Garage ilifungwa mwaka 1987. Waingereza, waliokuwa wamekwisha kuupenda muziki huu, walifungua ukumbi wa Ministry of Sound mjini London mwaka 1991 wakiwa na ndoto ya kuwa na Garage yao wenyewe, na Humphries akaalikwa kupiga huko kwa muda mrefu. Albamu ya kwanza ya miseto iliyotolewa na ukumbi huo, mwaka 1993, ni ya mkono wake. Nyumbani, upepo ulikuwa unageuka. Hot 97, stesheni ya New York ambako naye alipata kusikika baada ya Kiss FM, iliwahi kuwa stesheni ya muziki wa kucheza, lakini katika miaka hiyo ya 1990 ikahamia kwenye hip hop. Wapo wanaosema house ilipoteza redio kwa sababu ilizeeka. Mimi naona redio ndiyo iliyopata hasara zaidi, kwa sababu ilimwachia mtu wa ofisini aamue kitakachopigwa, mtu ambaye usiku wa Jumamosi amelala. Humphries alianzisha lebo yake ya kutolea nyimbo, Yellorange, na akaendelea kusafiri na kupiga katika nchi nyingi.

Nimekuja na kaseti ile ya baharia. Upande mmoja umeliwa na unyevu, lakini upande wa A bado uko hai, na asubuhi nimeirudisha mwanzo kwa kalamu ili nisiichoshe mashine yenu. Dakika ya nne hivi kuna wimbo unaoingia na mwingine unaoondoka. Atakayepata mahali zilipopishana anyooshe mkono. Fundi mitambo, tafadhali, washa, na besi usiipunguze.