Virusi vimeondoka, ini je? Kulifuata ini kwa ekografia na elastografia
Mhadhara kwa waganga, wauguzi na wapima ekografia, Bukavu

Ndugu waganga, wauguzi, nanyi mnaoshika sondi kila siku, karibuni.

Mgonjwa wa homa ya ini C amemaliza wiki 12 za vidonge vya kuua virusi, sofosbuvir na daclatasvir. Wiki 12 nyingine zimepita na kipimo cha RNA, kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu, hakioni virusi: amepona. Kipimo cha antibodi (alama za kinga ya mwili) msimrudishie, maana kitabaki chanya maisha yake yote na kitamtia hofu ya bure. Linalobaki ni ini lenyewe, na hapo kila kitu kinategemea lilikuwaje kabla ya kidonge cha kwanza. Asiyepimwa mwanzoni, baadaye hatuna cha kumlinganisha nacho. Ugumu wa ini, transaminazi (vimeng'enya vya ini kwenye damu) na plaketi (chembe za kugandisha damu) viandikwe kwenye fishi yake kabla dawa haijaanza.

Mashine ya elastografia, yaani ya kupima ugumu wa ini, hutuma mtikisiko mdogo wa herzi 50 kupitia katikati ya mbavu, kisha hupima kasi ya wimbi ndani ya ini. Ini gumu hupitisha wimbi haraka. Jibu hutoka kwa kilopaskali: chini ya 7 tunatulia, juu ya 12.5 tunafikiria sirosi, yaani kovu lililoenea ini zima. Mgonjwa asile kwa saa 3 angalau, kwa sababu mlo huongeza damu inayoingia kwenye ini na namba hupanda. Alale chali, mkono wa kuume nyuma ya kichwa ili mbavu zifunguke. Sondi isimame wima juu ya ngozi, kati ya mbavu ya 9 na ya 11, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa. Chukueni vipimo 10 vilivyokubaliwa na mashine, msome mediani, namba ya katikati.

Wengi husoma mediani wakaishia hapo. Tazameni na mtawanyiko (IQR) ulioandikwa pembeni yake, unaoonyesha vipimo vimeachana kiasi gani: ukigawanywa kwa mediani usizidi asilimia 30. Mediani ikiwa 14 na mtawanyiko 6, hiyo ni asilimia 43. Msiiandike 14 hiyo. Hamisheni sondi kidogo, anzeni upya. Na tumbo likiwa na maji, wekeni mashine hii kando, wimbi lake halivuki maji.

Sasa sikieni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Baada ya matibabu namba hushuka haraka. Aliyekuwa na 18 anaweza kurudi na 10, na afurahi, ana haki. Lakini sehemu kubwa ya mshuko wa mwanzo ni uvimbe wa ini (inflamesheni, si uvimbe wa saratani) uliotulia. Kovu huchukua miaka kupungua, na kwa wengine halipungui. Kwa hiyo msifute neno sirosi kwenye fishi kwa sababu ya 10. Saratani ya ini bado inaweza kumpata, na ekografia ya kila miezi 6 inaendelea hata kilopaskali zikishuka namna gani.

Namba ikipanda tena, msikimbilie kusema kovu limerudi. Ulizeni habari za pombe kwanza, kasiksi na kanyanga. Angalieni transaminazi: zikizidi mara 5 ya kawaida, ugumu unaosomwa ni wa uvimbe. Moyo ulioshindwa na mfereji wa nyongo ulioziba hufanya hivyohivyo.

Kituo chenye ekografia ya kawaida tu nacho kina kazi kubwa. Kwa sondi ya kupinda ya megaherzi 3.5 pimeni mshipa wa porta unaoingiza damu kwenye ini (zaidi ya milimita 13 ni mpana), urefu wa bandama, na mtafute maji. Kisha chukueni sondi bapa ya megaherzi 7 au zaidi, mfuate ngozi ya ini upande wa kushoto polepole: sirosi huonekana kama mstari wenye vinundu. Bandama peke yake isiwadanganye. Malaria huikuza. Mgonjwa kutoka bonde la Ruzizi anaweza kuwa na kichocho: bandama kubwa, porta pana, kovu jeupe kuzunguka matawi ya porta, na huku uso wa ini ni laini.

Mkiona kinundu kipya chini ya sentimita 1, rudieni baada ya miezi 3. Kikifika sentimita 1, mgonjwa aende skana yenye dawa ya rangi, na picha zipigwe karibu na sekunde 35, sekunde 70, kisha dakika 3. Kwenye ini lenye sirosi, kinachong'aa mapema na kufifia baadaye ni saratani mpaka ithibitike vinginevyo.

Wa homa ya ini B ni habari nyingine. Tenofovir inavilaza virusi bila kuving'oa, na virusi hivyo huweza kuzaa saratani hata pasipo sirosi, tena kwa vijana. Dawa hiyo pia huweza kuumiza figo, kama dawa ya rangi. Kreatinini yake (kipimo cha damu cha figo) ipimwe kabla hajapanda kitanda cha skana.