STOP Haisimamishi Kitu: Meseji za PPI na Namba 7726

Mwenyekiti, asante. Nimepewa dakika arobaini, na wale waliokwisha kunisikia wanajua nusu yake itakwenda kwenye neno moja tu: STOP. Vumilieni. Meseji za matapeli wa PPI, ile bima ya mkopo ya hapa Uingereza, zingekuwa zimekoma, leo mngenikuta nyumbani.

PPI yenyewe mnaijua, sitaanza na historia. Ile bima ya mkopo waliyokubandikia juu ya mkopo wa benki, kadi au nyumba, mara nyingi bila kukuuliza. Uliyejiajiri, mwenye teksi au kibanda cha kunyolea, ulikatwa kila mwezi halafu siku ya shida unaambiwa masharti hayakuhusu. Mabenki ya Uingereza yalikwenda mahakamani kukataa kuwarudishia hela watu waliouziwa hivyo, yakashindwa Aprili 2011, na mpaka mwisho wa zoezi yalikuwa yamerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Hapo ndipo penye ugumu wetu. Tapeli wa PPI hakuhitaji kutunga hadithi. Hadithi ilisomwa kwenye taarifa ya habari. Kila mtaa una mtu aliyelipwa kweli, na mwenye meseji anajua kwamba unamjua.

Sasa tuitazame meseji yenyewe. Zinafanana: kama ulikopa kabla ya mwaka 2007, karibu ni hakika una pauni 2,300 zako zinakungoja, jibu NDIYO kudai, jibu STOP kujitoa. Isome tena polepole. Haina jina lako. Haitaji benki yako. Haisemi aliyeituma ni nani. Imetoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 07, kama ya jirani. Na wale wanaoandika "kumbukumbu zetu zinaonyesha", kumbukumbu zipi? Hana hata ukurasa mmoja. Alichonacho ni kompyuta iliyoambiwa itunge namba za simu, ianze na tarakimu hii iishie na ile, na sanduku lililochomekwa laini kumi, ishirini, za malipo ya kabla, kila moja na kifurushi cha meseji. Mtandao ukiifunga laini moja, anaing'oa anachomeka nyingine. Laini haikuandikishwa kwa jina la mtu, kwa hiyo hakuna wa kumgongea mlango.

Kati ya namba hizo alizozirushia, nyingi zimekufa. Zipi hai, hajui. Hiyo ndiyo bidhaa anayoitafuta: orodha ya namba zenye mtu anayesoma na kujibu. Nawe unampa, bure, kwa neno STOP.

Najua. Meseji yenyewe imesema "jibu STOP". Mwizi akigonga mlango akakuambia "kama hupo sema sipo", utasema? Kwa mtu wa namna hii STOP haimaanishi "niache". Inamaanisha: namba hii ina mwenyewe, anasoma Kiingereza, na ana hasira za kutosha kujibu. Bei ya namba yako imepanda. Na kuna wale mashujaa wanaojibu kwa matusi. Ndugu yangu, tusi nalo ni jibu. Kompyuta haina mama wa kutukaniwa.

Kabla hujanyoosha mkono: ndiyo, ipo STOP inayofanya kazi. Duka ulilonunulia viatu, kampuni ya simu, zahanati ya meno, anayejitaja jina na ulimpa namba mwenyewe, au ile meseji inayotoka kwenye namba fupi ya tarakimu tano. Namba fupi imekodiwa, mwenyewe anajulikana, sheria inambana. Huyo mwambie STOP, atakuacha. Kigezo ni kimoja: unamjua aliyetuma? Kama humjui na namba ni ndefu, usijibu kitu. Si NDIYO, si STOP, si tusi.

Na ukijibu NDIYO? Ndani ya dakika chache unapigiwa. Anayekupigia si aliyetuma meseji, ameshakununua. Kesho atakupigia mwingine, kwa sababu jina moja huuzwa kwa wengi.

Basi unafanya nini? Dar es Salaam watu wanaijua 15040, ukipata ile ya "hela tuma kwenye namba hii" unairipoti huko. Kenya wateja wa Safaricom wana 333. Hapa Uingereza ni 7726. Haihitaji kukaririwa: tazama herufi zilizo chini ya tarakimu kwenye simu, S iko kwenye 7, P kwenye 7, A kwenye 2, M kwenye 6. Haina malipo.

Toeni simu. Kwenye iPhone, weka kidole juu ya ile meseji mpaka menyu itokee, gusa More, halafu kile kishale cha pembeni chini. Mahali pa kuandika mpokeaji andika 7726, tuma. Kwenye Android unaweka kidole vilevile, unatafuta vinukta vitatu, unagusa Forward. Usiguse kiungo kilichomo ndani. Usiiandike upya kwa maneno yako. Ipeleke kama ilivyo, na makosa yake ya tahajia, maana hayo makosa ndiyo yanayowasaidia kuzikusanya meseji za mkono mmoja. Mtandao ukipokea utakuuliza: imetoka namba gani? Hapa ndipo wengi wanaachia njiani! Wanadhani kazi imekwisha. Bila namba ya mtumaji, hawajui laini ya kufunga. Rudi kwenye meseji ya kwanza, inakili ile namba, uitume kama jibu. Ndipo umemaliza. Sekunde arobaini, hamsini kwa mwenye miwani. Baada ya hapo izuie namba, ifute, ufanye utakalo.

Utaniambia: "Mimi nazifuta tu, nitaripoti ngapi?" Hili ndilo linalonirudisha kila mara kwenye mimbari. Sikilizeni kesi ya kampuni ya Tetrus Telecoms.

Tetrus ilifanyia shughuli zake Stockport na Birmingham. Laini zisizoandikishwa, meseji za madai ya ajali na za PPI, hadi 840,000 kwa siku moja. Kwa siku! Pato lao pauni 7,000 hadi 8,000, nalo kwa siku. Novemba 2012 Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, hii tunayoiita ICO, ikawapiga wamiliki wawili faini ya jumla ya pauni 440,000. Magazeti yakashangilia. ICO yenyewe ikaeleza wazi kwamba waliojibu, hata wale waliojibu STOP kama walivyoelekezwa, walikuwa wanathibitisha namba zao ziko hai.

Mmoja wa wale wawili, aliyebebeshwa pauni 300,000, akakata rufaa. Oktoba 2013 baraza la rufaa likaifuta faini yote. Mwaka 2014 baraza la juu likakubaliana nalo. Kisa? Sheria ya wakati ule ilitaka ithibitishwe kwamba watu walipata hasara kubwa au fadhaa kubwa, na ushahidi uliobaki mezani, baada ya mawakili kuupepeta, ulikuwa meseji 286.

Pigeni hesabu. Meseji 840,000 kwa siku ni kama 583 kwa dakika. Kwa hiyo 286 ni kazi ya nusu dakika. Mtu ameirushia nchi nzima, na mbele ya baraza kuna nusu dakika tu ya kosa lake. Zile nyingine ziko wapi? Zimefutwa. Watu wema, wenye shughuli zao, wamefuta ushahidi mmoja mmoja kwa kidole gumba, halafu wakalalamika kwamba serikali haifanyi kitu.

Sheria ilirekebishwa Aprili 2015, sasa ICO haihitaji tena kuthibitisha fadhaa kubwa. Februari mwaka uliofuata kampuni ya Prodial ikapigwa pauni 350,000 kwa simu milioni 46 za sauti iliyorekodiwa, za PPI hizo hizo. Na sheria mpya ya 2025 imekitoa kikomo cha faini kwenye pauni 500,000 hadi milioni 17.5, au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, ipi iwe kubwa. Vizuri sana. Lakini faini bado inajengwa juu ya malalamiko. Ndiyo maana nasema 7726 ni hatua ya kwanza: hiyo inaifunga laini. Ya pili ni fomu ya ICO kwenye tovuti yao, hiyo ndiyo inayomfuata mwenye laini. Wanataka tarehe, saa, namba iliyotuma, maneno ya meseji, na kama uliwahi kuwapa ruhusa. Piga picha ya skrini KABLA hujafuta. Asiye na muda wa yote mawili, basi 7726 peke yake.

Mtu atauliza juu ya TPS, ile orodha ya kukataa simu za biashara. Jiandikishe, ni bure, lakini inahusu simu za kupigiwa na binadamu. Meseji haziguswi na TPS. Meseji zina kanuni yake tangu 2003: bila ruhusa yako, au bila wewe kuwa mteja wao, ni kosa tayari. Huhitaji kujiandikisha popote ili liwe kosa.

Sasa pingamizi kubwa, na nalisikia kutoka viti vya nyuma: "Lakini mimi kweli nilikuwa na hiyo bima." Sawa. Mlango wa kudai kwa benki ulifungwa 29 Agosti 2019. Mnakumbuka lile tangazo la televisheni lenye kichwa cha Arnold Schwarzenegger likifokea watu waamue? Lilikuwa linatangaza siku hiyo. Meseji inayokuambia leo kwamba benki ina hela yako ya PPI, jaza fomu tu, inakudanganya. Kilichobaki ni njia ya mahakama, kwa wale waliofichwa kamisheni. Hiyo ilitoka kwenye kesi ya Plevin, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hii, 2014: mama aliuziwa bima, na asilimia 71.8 ya alicholipa ilikuwa kamisheni ya waliomuuzia, hakuambiwa. Njia hiyo ni nyembamba, ina ukomo wa miaka na gharama zake, na hakuna mwanasheria wa maana anayekutafutia kesi kama hiyo kwa namba ya 07.

Na hata mlango ulipokuwa wazi, ulikuwa bure. Barua kwa benki, wiki nane wajibu, ukikataliwa unakwenda kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya fedha, bure vilevile. Madalali wa madai walikula nini? Asilimia 30 pamoja na VAT ilikuwa kawaida. Ukirudishiwa pauni 3,000, dalali 900, VAT yake 180, jumla 1,080 kwa kukujazia fomu. Kuanzia Julai 2018 waliwekewa kikomo cha asilimia 20 na VAT, yaani 720 kwa hizo 3,000. Bado ni nyingi kwa fomu.

Kisha kuna wasio madalali kabisa, wezi tu. "Hela yako iko tayari, lipa kwanza ada au kodi, nunua vocha utusomee namba zake." Hakuna idara ya kodi inayolipwa kwa vocha za dukani. Kama umeshawapa namba za kadi, usisubiri Jumatatu: piga 159, inakuunganisha na benki yako.

Muda unakimbia, haya mengine nayapitia haraka. Kodi ya PPI. Benki ziliongeza riba ya asilimia 8 kwenye marejesho na kuikata kodi ya asilimia 20. Tangu Aprili 2016 mlipakodi wa kiwango cha kawaida ana pauni 1,000 za riba bila kodi, kwa hiyo wengi walikatwa wasivyostahili, na fomu yake ni R40 ya HMRC, idara ya kodi ya hapa, unajaza mwenyewe. Lakini ni miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi. Aliyelipwa mwishoni mwa 2019 alikuwa na mpaka 5 Aprili 2024. Kwa hiyo anayekuletea meseji ya "kodi ya PPI" leo, muulize kimoyomoyo, bila kumjibu, anadai mwaka gani. Na ile hati waliyowasainisha watu ya kuwahamishia haki ya marejesho, iliyosainiwa kuanzia 15 Machi 2023 haina nguvu.

Magari. Hili lilitaka mhadhara wake. Wale wale wa PPI sasa wanaimba kamisheni ya mkopo wa gari, kwa sababu Mahakama ya Juu hiyo hiyo ilitoa hukumu juu yake 1 Agosti 2025. Malalamiko unayapeleka kwa aliyekukopesha, bure. Kabla ya kusaini chochote kwa yeyote, soma asilimia yake na soma ukijitoa unadaiwa nini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Moja tu: meseji za WhatsApp hazipitii mtandao wa simu, kwa hiyo 7726 haiwezi kuifunga namba hiyo, ziripoti humo humo, chini ya jina la aliyetuma, halafu zuia. Haya, maswali, na tafadhali asiniulize mtu kama anaweza kuwajibu kwa Kiswahili.